RTX 3060 ya boksi lililofunguliwa au RTX 3070 OEM iliyotolewa kwenye Dell? Wajuzi njooni

#1 Mpigapicha_Moro

Wakuu, heshima kwenu.

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Morogoro. Mashine ni HP Z440, Xeon E5-1650 v4, RAM 32GB, pawa saplai ya wati 700. GPU (kadi ya picha) ni Quadro K620 ya 2GB iliyokuja na mashine yenyewe. Enzi za 1080p tulikuwa tunaelewana. Tangu wateja waanze kudai 4K, programu ya kuhariria, DaVinci Resolve, inaniandikia kumbukumbu ya GPU imejaa kila nikijaribu kupunguza chenga kwenye picha za ukumbini, na bibi harusi anapiga simu kuuliza video yake iko wapi.

Nimeshuka Dar, nikazunguka Kariakoo, nikaishia na machaguo mawili, maduka tofauti.

A: RTX 3060 12GB. Boksi lipo ila limefunguliwa, lakiri imekatwa. Muuzaji anasema mteja aliirudisha kwa sababu haikuingia kwenye kesi yake. 800,000, waranti wiki moja.

B: RTX 3070 8GB, OEM ya Dell, yaani ile inayokuja ndani ya kompyuta zao. Haina boksi, haina karatasi, imeviringishwa kwenye plastiki ya mapovu. 700,000. Nikauliza waranti, akasema "mpaka mlangoni" huku anacheka.

3060 mpya yenye lakiri naambiwa milioni na ushee, na mfuko hauruhusu. Kati ya A na B, ipi ina hatari zaidi, na hatari yenyewe ni ipi hasa? Sitaki majibu ya "nunua mpya".

#2 Kijiwe_Sugu

Natandika mkeka hapa. Wajuzi wapite.

#3 Simba_wa_FPS

Hakuna cha kuuliza, B. 3070 ina kori (vitengo vya hesabu) 5888, 3060 ina 3584. Basi ya kumbukumbu (njia ya data) biti 256 dhidi ya 192. Yaani unapewa kadi ya daraja la juu kwa bei ya chini halafu unaomba ushauri? Boksi utalala nalo?

#4 Fundi_Solda

Simba kaenda mbio lakini hajakosea sana. Kadi za OEM za Dell na HP watu wanazidharau kwa sababu hazina taa wala feni tatu. Mimi nimezifungua nyingi mezani. Bodi ni za kawaida, zimetengenezwa zifanye kazi na zisirudi, kwa sababu mashine ikirudi Dell ndiye anayelipa. Udhaifu wake uko kwenye kipoozaji: kifupi, feni mbili ndogo, na 3070 inakula wati 220. Ndani ya Alienware, kompyuta za gemu za Dell, kuna njia ya hewa iliyopangwa. Ndani ya kesi yako sijui.

Ninayoiogopa zaidi ni hiyo A. Kitu kilichorudishwa kilirudishwa kwa sababu, na sababu unayoambiwa na muuzaji ndiyo ile inayosaidia kuuza.

#5 Binti_Xeon

#3, mwenye uzi anahariri video, hachezi gemu. Tatizo lake ni kumbukumbu kujaa. Akitoka 2GB kwenda 8GB atapumua, akienda 12GB atapumua zaidi. Resolve kwenye 4K na kupunguza chenga hula VRAM (kumbukumbu ya GPU), na ikijaa hairuki taratibu kama gemu, inasimama na kukuandikia kosa. Hizo kori 5888 zitakuwa zinasubiri.

Kwa hiyo kwa kazi yake A na B hazilingani hata kama zote zingekuwa mpya zenye lakiri. Hilo kwanza, hatari baadaye.

Halafu Mpigapicha, swali la pembeni: kupunguza chenga kwenye Resolve iko kwenye toleo la Studio, lile la dola 295. Umelinunua?

#6 Mpigapicha_Moro

@Binti_Xeon mambo ya ndani ya familia tusiyaanike barabarani 😂

#7 Kijiwe_Sugu

Hahaha, kumbe hatari ipo hata kwenye softiweya.

#8 Mswahili_Leicester

Niongezee kuhusu asili ya hizi za boksi lililofunguliwa, maana #4 ameweka kana kwamba kila iliyorudishwa ni mbovu. Huku Uingereza, ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote, ni kanuni za mwaka 2013, na nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina utaratibu kama huo. Matokeo yake watu wanaagiza kadi mbili, wanabaki na moja. Au wanagundua haiingii kwenye kesi, au mke ameona bili. Duka haliwezi kuiuza tena kama mpya, inashushwa bei. Ziko nyingi kweli ambazo hazijafika hata saa moja kwenye umeme.

Ila zikifika Kariakoo zimepita mikono mingapi? Hapo sina jibu.

#9 Deira_Kontena

Nina jibu la nusu. Niko Dubai, naishi kwa kusukuma mizigo ya kompyuta. Zinazorudishwa Ulaya na Marekani haziuzwi mojamoja, zinauzwa kwa paleti na karatasi ya gredi. A, B, C. Mnunuzi wa paleti anachambua. Nzuri anazipeleka kwenye soko linalolipa vizuri. Zinazobaki zinashuka Bur Dubai, mtaa wa kompyuta pale Khalid bin Al Waleed, na huko ndiko wafanyabiashara wetu wa Dar, Nairobi na Kampala wanakochukua. Mpaka inafika kwako imeshachaguliwa mara mbili au tatu na watu wenye macho makali kuliko wewe.

Simaanishi mbovu. Namaanisha stori ya "mteja mmoja alirudisha, haikuingia kwenye kesi" ifute. Muuzaji wa Kariakoo hajui nani alirudisha wala kwa nini. Hata aliyemuuzia hajui.

#10 Fundi_Solda

Ndicho nilichosema #4 kwa maneno machache.

#11 Deira_Kontena

Hapana, fundi, wewe umesema ilirudishwa kwa sababu mbaya. Mimi nasema sababu haijulikani. Na B nayo imepita njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba haina boksi la kukudanganya.

#12 Msee_wa_Luthuli

Wasee wa Bongo, habari zenu. Mimi ni wa Nairobi, naomba niwaongezee kitu hamjataja. Hapa Luthuli na Moi Avenue kuna kadi zinaitwa RTX 3060M na 3070M. Hizo ni chipu za laptopu zimechomelewa kwa bodi ya deskitopu huko Uchina. Boksi liko sawa, feni ziko sawa, stika imeandikwa 3060 kubwa kisha ka-M kadogo, au hakuna M kabisa. Ile 3060M iko na 6GB na kori 3840, hiyo namba inawachanganya watu wanadhani wamepata bahati. Drayva za kawaida za Nvidia zinaweza kukataa kuingia, unabaki kutafuta zile zimechezewa.

So kabla hujauliza ni ya nani na imetumika aje, uliza kwanza kama ni yenyewe. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, uone.

#13 Simba_wa_FPS

@Msee umenikumbusha RX 580. Mwaka 2018 AMD walitoa ya soko la Uchina yenye prosesa 2048 badala ya 2304. Kimsingi ni RX 570 imevalishwa jina la kaka yake. Mjini zimejaa, na wauzaji wanakuapia ni 580. Nao hawadanganyi, jina lake ni hilohilo kiwandani.

#14 Binti_Xeon

Ndiyo, na Nvidia wana mchezo huohuo. GT 1030 ya DDR4 na ya GDDR5 (aina za kumbukumbu) zinabeba jina moja, ya DDR4 ni polepole mno. RTX 3050 ya 6GB ina kori 2304, ya 8GB ina 2560. Na muhimu kwa uzi huu: kuna RTX 3060 ya 8GB, ilitoka mwishoni mwa 2022, basi imekatwa kutoka 192 hadi 128. Mpigapicha, hakikisha A ni 12GB kwa kuiona kwenye programu, siyo kwa kusoma boksi. Boksi lililofunguliwa linaweza kuwa la kadi nyingine.

#15 Pwani_Chumvi

Salaam. Mnazungumza kana kwamba kadi zinakufa kwa siasa za Dubai. Mimi niko Tanga mjini, karibu na bahari. Kadi zinazokuja kwangu zimekufa kwa chumvi na vumbi. Ukitoa kipoozaji unakuta kijani kwenye miguu ya vipande vidogo. Kadi iwe OEM, iwe mpya, iwe imebarikiwa na askofu, ukiiweka dirishani Raskazone bila kuisafisha itaondoka tu.

#16 Fundi_Solda

Chumvi ni yenu huko. Za bara ninazoletewa mimi nyingi ni kumbukumbu kuharibika na moshifeti (vipande vya kudhibiti umeme) kupiga shoti. Umeme unakatika, unarudi na kishindo, pawa saplai ya bei rahisi haizuii kitu. Mtu analaumu "kadi ya mtumba" wakati kadi imekula mkong'oto wa umeme kwake mwenyewe.

#17 Mzee_Kripto

Hamjagusa uchimbaji. Sarafu ya kripto ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa GPU tarehe 15 Septemba 2022, na baada ya hapo kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni dunia nzima. Swali la kwanza kwa 3070 yoyote liwe hilo: ilikuwa shambani? Kwenye hili A iko salama, kwa sababu 3060 ilitoka na kufuli la kuzuia kuchimba.

#18 Binti_Xeon

Mzee, kufuli lilikuwepo ilipozinduliwa Februari 2021. Mwezi uliofuata Nvidia wenyewe wakaachia drayva ya majaribio 470.05 iliyolifungua kwa bahati mbaya, ikasambaa. Na mwaka 2022 wachimbaji wakapata programu za kulivunja kabisa. 3060 nyingi zimechimba. A haina kinga hiyo.

#19 Mzee_Kripto

Sawa, nimekusoma. Ila bado 3070 ilikuwa kipenzi zaidi cha wachimbaji.

#20 Simba_wa_FPS

Na hii B ni ya Dell. Mchimbaji gani ananunua Alienware kuchimba? Hoja ya uchimbaji inakufa kwa OEM.

#21 Mswahili_Leicester

Haifi, Simba. Mwaka 2021 kadi hazikupatikana madukani kabisa. Watu walikuwa wananunua kompyuta nzima zilizounganishwa tayari ili kutoa kadi, mwili wanauza kando. Ndiyo sababu moja ya OEM nyingi kuzagaa zikiwa hazina mashine zake.

#22 Mzee_Kripto

Hata hivyo msilifanye neno "uchimbaji" jini. Mimi nimechimba. Mchimbaji mwenye akili anapunguza volti, anapunguza wati, kadi inakaa kwenye joto lilelile mchana na usiku. Anayecheza gemu anaipasha na kuipoza kila siku, na solda haipendi kutanuka na kusinyaa. Kinachochoka kwa mchimbaji ni feni na pedi za joto. Feni unabadilisha.

#23 Fundi_Solda

Hiyo nadharia nimeisikia kwa kila mchimbaji anayeuza kadi zake 😅 Sijawahi kuisikia kwa anayenunua.

Mchimbaji mwenye akili yupo. Yupo pia aliyepanga kadi kwenye banda la mabati, zinachemka na vumbi juu. Kadi hainiambii ilikuwa kwa yupi.

#24 Pwani_Chumvi

😂😂 Fundi leo kaamka vibaya.

#25 Mpigapicha_Moro

Asanteni wakuu, nasoma kila kitu. Bado niko Dar hadi kesho jioni. Wote wawili wamekubali nijaribu kwenye mashine ya dukani. Nifanye nini ndani ya nusu saa?

#26 Fundi_Solda

Kabla ya kuwasha, tumia macho na pua. Ipindue, angalia sehemu ya dhahabu inayoingia kwenye madabodi: juu yake kidogo kuna vikapasita vidogo kama punje za mchele, vikigongwa vinang'oka. Kimoja kikikosekana, kadi inaweza kuwaka vizuri ila njia za data zikapungua. Angalia skrubu za kipoozaji, hasa zile nne zinazozunguka chipu. Vichwa vyake vikiwa vimekwaruzwa, ilifunguliwa. Kufunguliwa siyo kosa, inaweza kuwa mtu alibadilisha pasta ya kupitisha joto, ila muuzaji aliyekwambia "haijaguswa" umeshamjua. Mulika tochi pembeni ya chipu: ukiona utando wa kung'aa wa njano kama gundi iliyokauka, ni mabaki ya flaksi, dawa ya kuchomelea. Ilichomwa kwa hewa moto na itarudi kufa. Inuse. Iliyoungua harufu yake haitoki.

Kwa ile ya Dell tafuta stika yenye namba ndefu inayoanza na herufi mbili za nchi, mara nyingi CN. Kabla ya vibambo vinne vya mwisho kuna vitatu vya tarehe: mwaka, mwezi, siku. 15A ni 2021, Mei, tarehe 10, siku zikizidi tisa wanaingia kwenye herufi. Hapo unajua umri wake bila kumuuliza mtu.

#27 Kijiwe_Sugu

Fundi hii ya stika sikuijua. Asante.

#28 Binti_Xeon

Ukiwasha: GPU-Z kwanza, dakika moja. 3060 isome kori 3584, 12GB, biti 192. 3070 isome 5888, 8GB, biti 256, na mtengenezaji asomeke Dell. Tangu 2018 GPU-Z inaandika yenyewe neno la kuonyesha ni feki ikikuta chipu ya zamani iliyobandikwa jina jipya. Angalia pia basi isome x16 wakati kadi inafanya kazi. Ikisoma x8 rudi kwenye vile vikapasita vya fundi.

Halafu FurMark, ya kuipa kadi mzigo, dakika kumi na tano, na HWiNFO ya kusoma joto na wati ikiwa pembeni. Kwenye mzigo 3060 ifike karibu na wati 170, 3070 karibu na 220. Ikigoma kupanda, uliza kwa nini. Usisahau kuchomeka kebo kwenye kila tundu la picha, moja baada ya jingine. Watu wanajaribu HDMI moja wanaondoka.

#29 Simba_wa_FPS

Na aangalie joto la kumbukumbu, lisizidi 100.

#30 Binti_Xeon

Hataliona. Kipimo hicho kwenye mfululizo wa 30 kipo kwa zenye GDDR6X, hasa 3070 Ti kwenda juu. 3060 na 3070 za kawaida ni GDDR6, HWiNFO haionyeshi. Aangalie joto la chipu na la sehemu yenye joto kali zaidi. Zikiachana digrii kumi hadi kumi na tano ni kawaida. Zikiachana ishirini na tano kuna jambo.

#31 Deira_Kontena

Na asikubali kupimiwa kwa gemu. Wauzaji wanapenda kukuwashia GTA V, inapendeza, unatoka unatabasamu. Kadi yenye kumbukumbu mbovu kidogo inaweza kucheza vizuri na ikaangusha Resolve usiku wa manane. Kuna programu ndogo inaitwa memtest_vulkan, iweke kwenye fleshi, inapima VRAM yenyewe.

#32 Sheria_Mtaani

Mnazungumzia mashine, hakuna anayegusa karatasi. Kile kibandiko cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hakifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Ukiuziwa 12GB ukakuta 8GB una madai, na feki unaweza kuipeleka Tume ya Ushindani. Lakini vyote vinaanza na risiti ya EFD inayotaja kadi kwa jina na ukubwa. Dai namba ya seriali iandikwe humo. Akiandika "vifaa vya kompyuta" hujanunua kitu.

#33 Simba_wa_FPS

Ukidai EFD bei inapanda papo hapo 😂 Wote tunajua.

#34 Sheria_Mtaani

Ikipanda, hiyo nyongeza ndiyo bei ya waranti ambayo hakukutajia.

#35 Mswahili_Leicester

Kwenye waranti ya kiwanda kuna tofauti kubwa ambayo sijaiona juu. OEM ya Dell inafuata mashine iliyotoka nayo, kupitia ile namba ya huduma ya kompyuta nzima. Ikishatolewa, Dell hana mpango na wewe, Nvidia hana mpango na wewe. Ni sifuri. Za boksi, baadhi ya kampuni zinahesabu waranti kwa namba ya seriali na tarehe ya kutengenezwa, siyo kwa mnunuzi, kwa hiyo mnunuzi wa pili anaweza kubakiwa na miezi kadhaa. Ingiza namba ya A kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa hapohapo dukani. Na namba ya kwenye kadi ilingane na ya kwenye boksi.

#36 Deira_Kontena

Na ukishapata hiyo miezi, kadi utaipeleka wapi? Nauli ya kwenda na kurudi kwenye nchi iliyouzwa mara ya kwanza ni nusu ya kadi. Kwa mtu wa Morogoro waranti ya kiwanda ni pambo. Ile wiki moja ya Kariakoo ina thamani kuliko miaka mitatu ya Taiwan, kwa sababu anapanda treni anarudi dukani.

#37 Mswahili_Leicester

Kwa hilo siwezi kubishana sana. Ingawa kadi yenye waranti hai inauzika vizuri baadaye.

#38 Msee_wa_Luthuli

Kwetu wengine wanapeana miezi tatu kwa OEM, na bei iko juu kidogo. Wiki moja ni kidogo sana buda. Mwambie aongeze iwe mwezi, umwongezee elfu thelathini.

#39 Volti_Kumi_na_Mbili

Nauliza kitu ambacho hamjauliza: atachomeka wapi? Z440 ya wati 700 ina nyaya mbili za pini 6. Kadi hizi nyingi zinataka pini 8, nyingine 8 na 6.

#40 Fundi_Solda

Kiunganishi cha pini 6 mbili kwenda pini 8 moja, basi. Pini 6 kwa kipimo rasmi ni wati 75, mbili ni 150, sawasawa na pini 8. Yanayopangwa kwenye madabodi nayo yanatoa 75. Jumla 225. 3060 yenye pini 8 moja inakaa humo imestarehe. 3070 inakaa humo inabana pumzi.

#41 Volti_Kumi_na_Mbili

Na asiuziwe kile cha kutoka SATA. Kichwa cha SATA kimepimwa wati 54 kwenye volti 12. Kinachoyeyuka kwanza ni plastiki.

#42 Simba_wa_FPS

Mbona mnaijengea B jeneza? Apunguze kikomo cha wati kwa MSI Afterburner, 3070 kwenye wati 180 bado inaiacha 3060 mbali.

#43 Binti_Xeon

Kwenye gemu. Tumerudi #5.

#44 Kijana_Arc

Kwa nini asichukue Intel Arc A750 mpya yenye lakiri? Kwa video ni moto.

#45 Binti_Xeon

Arc bila Resizable BAR (prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja) inapoteza nguvu nyingi, na Z440 ni mashine ya enzi za Xeon v3 na v4, haikuja nayo. Kwa mashine mpya wazo lako zuri.

#46 Mzee_Kripto

Na boksi lenye lakiri nalo siyo msahafu. Mwaka 2025 huko Marekani waliuziwa maboksi ya RTX 5090 yenye lakiri, ndani mikoba ya mgongoni.

#47 Kijiwe_Sugu

Angalau wakapata begi la kubebea huzuni.

#48 Mpigapicha_Moro

Nimetoka madukani.

B: stika inasoma 2021, Mei. GPU-Z imesoma kila kitu sawa, mtengenezaji Dell. Nyuma ina kile chuma kirefu cha kushikilia, kinafunguliwa kwa skrubu. FurMark imefika wati 218. Joto la chipu 79, sehemu yenye joto kali 104. Memtest imepita bila kosa.

A: 12GB kweli, kori sawa, namba ya boksi na kadi zinalingana. Joto 66 na 78. Memtest imepita. Lakini mapezi ya kipoozaji yana vumbi jembamba la kijivu hadi ndani, na feni moja ina kelele ya kukwaruza ikiwa inaanza. Nikamuuliza muuzaji, mbona mteja aliyeshindwa kuiingiza kwenye kesi ameacha vumbi? Akasema ni vumbi la duka.

#49 Simba_wa_FPS

104 ni kwa sababu ya kipoozaji cha Dell, kimeshasemwa #4. Kawaida yake.

#50 Fundi_Solda

Kipoozaji kifupi kinapandisha zote mbili pamoja. Hakiziachanishi digrii 25. Hiyo ni pasta iliyokauka au kipoozaji hakijakaa sawa. Nusu saa ya kazi na pasta nzuri, itashuka.

#51 Mzee_Kripto

Au chipu imepinda kidogo kwa kuchemka miaka, na pasta utaweka, baada ya miezi miwili inarudi. Nimeliona kwenye zangu.

#52 Pwani_Chumvi

Vumbi la kijivu hadi ndani ya mapezi huingia feni zikiwa zinazunguka. Kadi iliyokaa kwenye rafu ya duka hushika vumbi juu, siyo ndani. A imefanya kazi, na siyo wiki mbili.

#53 Deira_Kontena

Dukani pengine waliiweka kwenye mashine ya maonyesho. Wanafanya hivyo sana. Haimaanishi banda la mabati.

#54 Fundi_Solda

Feni inayokwaruza kwenye kuanza ni beringi. Mashine ya maonyesho haimalizi beringi.

#55 Deira_Kontena

Kwa vumbi la Kariakoo? Inamaliza fundi, inamaliza.

#56 Binti_Xeon

Feni inabadilishwa, VRAM haiongezwi. Mimi ningemwonyesha kelele ya feni, nishushe A hadi 720, na nichukue risiti kama #32 alivyosema.

#57 Fundi_Solda

Mimi ningechukua B nimlipe fundi pasta. Na nisingeiuliza historia yake.

#58 Mpigapicha_Moro

Wa A amekubali 740 na wiki mbili, EFD inaandikwa. Nimelipia, niko naye hapa anahangaika na namba ya seriali kwa sababu mashine yake ya EFD inakubali herufi chache. Asanteni wote, hata Simba.

#59 Simba_wa_FPS

12GB za kuhariria keki. Hongera mkuu 😂

#60 Optiplex_Boy

Samahani wakuu nadandia. Hiyo B kama bado ipo, nina Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, si zote ni Dell? Itaingia?

#61 Volti_Kumi_na_Mbili

Mkuu, hiyo nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, na kadi peke yake inataka 220. Hata pini za kuchomekea huna, na kimo chake hakiruhusu kadi ndefu. Tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi isiyo na pini, inakula 75 za madabodi tu. Halafu uliza ni ya GDDR5 au GDDR6, maana nayo ina ndugu wa jina moja.

#62 Optiplex_Boy

Ya kimo kifupi nimeona moja inbokisi, haina boksi, jamaa anasema ni OEM.

#63 Kijiwe_Sugu

Fungua uzi wako. Mkeka nahamishia huko.